Mirija Miwili

Muuguzi ameandika majina yetu kwenye mirija miwili:
Knarik. Shoghik.
Ametutazama, kisha ameitazama damu.
"Nikiibadilisha hii," anasema, "hakuna atakayejua."
Kweli. Tulitoka yai moja.
Mama alinifunga uzi mwekundu mkononi
asije akamnyonyesha mmoja mara mbili.

Daktari wa kutoka Yerevan anaeleza taratibu:
kuna jeni, fupi kwa watu wengine, ndefu kwa wengine,
inayosaidia ubongo kutulia hofu ikishapita.
Zetu ni fupi. Herufi kwa herufi, zangu ni zake.
"Fupi si ugonjwa," anaongeza upesi,
"ni mlango usiofunga vizuri. Labda. Inategemea upepo."

Mbona basi mwenzangu analala?

Leninakan, Desemba, saa tano na dakika arobaini na moja.
Dawati moja, somo la hesabu, chaki ya njano.
Sakafu ilitumeza pamoja,
lakini haikututapika pamoja.
Saa kumi na tisa chini ya zege
lililotiwa mchanga mwingi na saruji ya kudokoa.
Yeye aliangukia upande wa mwalimu Varsenik,
aliyemshika mkono akimsomea jedwali gizani,
mbili mara mbili, tatu mara tatu,
hadi saba mara nane,
na jibu halikuja.
Mimi nilikuwa ng'ambo ya boriti.
Hesabu niliisikia. Mkono sikuusikia.
Hatua moja na nusu, si zaidi.

Kisha mjomba Zaven akaja na gari.
Alikuwa na kitanda kimoja cha ziada;
akamchukua aliyekuwa karibu na mlango.
Dada yangu alikulia kwenye nyumba yenye jiko la moto
na shangazi aliyeuliza kila asubuhi, "Umeota nini?"
Mimi nilikulia ndani ya kontena la chuma,
misimu kumi na moja ya baridi,
barafu ikiota upande wa ndani wa ukuta,
baba akinyamaza kama redio isiyo na betri.
Kila upepo ulipogonga bati
shule ilianguka upya.

Usiseme ni kontena tu.
Binamu yangu Mihran alilala humo humo,
naye alifukuliwa siku ya pili, mguu umevunjika,
na usiku alikoroma, akaota mpira.
"Yake ndefu," anasema daktari. "Labda."
Nimehesabu labda zake: sita.
Nampenda kwa hizo sita.

Na bibi Hripsime je,
aliyevushwa mto Akhuryan akiwa yatima wa miaka minne,
aliyeficha mkate chini ya mto wa kulalia hadi alipokufa,
aliyeruka kijiko kilipoanguka?
Nilirithi damu yake,
au nilirithi kumtazama?

Maji hufuata mkondo, husema wanaoamini damu.
Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema wengine.
Kila mmoja anavuta methali yake kama blanketi fupi.
Mimi nawajibu kwa nilichokiona:
boriti mbili zilianguka, zikaegemeana.
Hakuna aliyeweza kusema ipi ilibeba ipi.
Ukubwa wa pengo lililobaki kati yake
ndio uliokuwa ukubwa wa pumzi yangu.

Nje, lori la mawe linapita.
Mirija inalia kwenye kishikio chake, tii, tii,
muuguzi anaendelea kuandika.
Tayari nimeshika ukingo wa meza.
Namtazama Shoghik: naye ameushika.
Vidole vyake vinaachia kwanza.
Vyangu bado.

Anauvusha mkono juu ya pamba na plasta,
ule ule ulioshikwa siku ile,
anauliza chinichini, kama anayedai deni la zamani:
"Saba mara nane?"

Lori linaishia kwenye kona.
Hamsini,
namwambia,
hamsini na sita.